Koti la Bingwa

Lilikuwa koti jeupe la pamba, mfuko wa kulia umechanika, na chini ya mfuko kulikuwa na doa la wino. Lilining'inia mgongoni mwa kiti cha bingwa wetu kila siku ya kazi, tangu saa mbili asubuhi mpaka karani alipofunga ofisi. Mwenyewe alikuwa na jingine la kuvaa. Hili lilikuwa la kuonyesha kwamba yupo. Akitokea mtu wa wizarani, au ndugu wa mgonjwa aliyechoka kusubiri, karani alinyoosha kidole tu: "Yupo, ametoka kidogo. Si unaona koti lake?" Na mtu akarudi kwenye benchi, akakaa.

Watu wakiniuliza leo, baada ya kustaafu, ni nani aliyenisimamia nilipokuwa daktari mchanga, huwajibu kwamba nilisimamiwa na koti. Wanacheka, wanadhani natania.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, Azimio la Arusha bado la moto, kila ukuta una maandishi ya kujitegemea. Nilikuwa nimemaliza masomo ya udaktari hapa hapa Dar es Salaam, na kabla ya kuandikishwa kuwa daktari kamili ilinibidi nifanye kazi mwaka mmoja chini ya bingwa. Nikapangiwa hospitali ndogo nyuma ya viwanda, upande wa Chang'ombe. Usihangaike kuitafuta, majengo yake yaligeuzwa maghala zamani. Nilipewa kitabu chenye jalada la bluu. Kila nilichofanya nilitakiwa kukiandika humo: jipu nililopasua, mfupa niliounga, mama niliyemzalisha. Pembeni palikuwa na safu ya sahihi ya bingwa. Bila sahihi zile mwaka wako haukuhesabiwa. Ulianza upya, na mara nyingi mbali sana na nyumbani.

Siku ya kwanza bingwa alinipokea vizuri, nisimsingizie. Alikuwa mtu wa maneno matamu, viatu vinang'aa, amesomea ubingwa Ulaya.

"Huko mie nilisimamiwa na mzee mmoja kama askari jela," aliniambia. "Hata kufunga bendeji alikuwa anachungulia. Nikaapa sitomfanyia hivyo Mwafrika mwenzangu. Nakuamini, daktari. Ndiyo maana nakuacha ufanye kazi." Halafu, bila hata kuvuta pumzi, akaongeza: "Ila tumbo hufungui mpaka niwepo. Hilo sina mchezo nalo."

Nilitoka mle ofisini nimefurahi. Ilinichukua wiki mbili kuelewa kwamba nimeambiwa vitu viwili visivyokaa chumba kimoja. Niliachiwa wodi nzima, wagonjwa wanalala wawili kitanda kimoja, glavu tunazifua, tunazianika na kuzipaka unga wa talki tuzivae tena, na katikati ya hayo yote pana mlango mmoja nisioruhusiwa kuufungua bila mtu ambaye hayupo. Aliyenitangulia, daktari mmoja wa Bukoba, aliwahi kumpasua mama bila ruhusa. Mama akapona, na mtoto akapona. Safu yake ya sahihi ikaachwa nyeupe, akaenda kurudia mwaka mkoani. Kabla hajaondoka alinifundisha namna ya kuishi pale.

"Koti likiwa kwenye kiti, nenda kamwambie karani una mgonjwa. Halafu andika kwenye faili: bingwa amejulishwa. Umemaliza. Hapo hata wakikuhoji uko salama."

Niliandika maneno yale mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Homa haishuki, bingwa amejulishwa. Mtoto ana degedege, bingwa amejulishwa. Yeye alikuwa akipita Jumatatu asubuhi, anazunguka vitanda mbio mbio kama mtu aliyeacha chungu jikoni, anasema "vizuri, endelea," halafu anapotea. Alikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi, kamati ya dawa, na kamati nyingine ambayo sikuwahi kujua inafanya nini. Nilichukia. Lakini nilichukia kimya kimya, maana kitabu changu kilikuwa kwenye droo yake.

Kilichonizidishia hasira ni barua. Rafiki yangu wa chuoni, tuliyegombania naye kiti cha mbele miaka yote, alipata nafasi ya kufanyia mwaka wake Uingereza. Kila barua yake ilikuwa malalamiko. Zamu haziishi, analala kwenye kiti na viatu miguuni, muuguzi mmoja anamwita kwa kumpigia vidole. Tena bosi wake anamhoji mbele ya mgonjwa mpaka jasho linamtoka, na siku moja alimfumua mshono wote akamwambia ashone upya, yeye amesimama palepale na mikono nyuma. "Wewe umebahatika," aliniandikia. "Hapa hata jipu silitumbui bila mtu begani kwangu. Wewe umeachiwa uwanja."

Nilisoma mstari ule nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa nje ya wodi ya wazazi, na nilitamani kuila karatasi ile. Yeye anatukanwa na kuchoshwa, ni kweli, na nilimwonea huruma. Lakini mtu aliyemfumua mshono alikuwa pale! Aliuona mshono! Mimi ningetoa nini nipate mtu wa kunifumua mshono wangu mmoja tu. Nikamjibu kwa majivuno ya kijinga kwamba hapa mimi ndiye kila kitu, napasua ninavyotaka. Sikumwandikia habari za koti.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa katikati ya juma, asubuhi. Aliletwa mama mmoja, uchungu umemshika tangu jana yake, uzazi wa kwanza. Mumewe alikuwa mtu mzima kuliko yeye, mchonga vinyago kutoka kusini, mikono ina makovu ya patasi, vumbi la mpingo kwenye kucha. Mkunga wetu mkuu, mama wa Lindi tuliyemwita Sista, alimpima. Akanipisha. Nikapima na mimi. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimekwama, nyonga ya mama ni nyembamba. Hapakuwa na ubishi. Mtoto yule alitakiwa kutolewa kwa kisu, tena mapema.

Ilikuwa saa nne na dakika chache. Nilikwenda ofisini mbio. Koti lipo.

"Bingwa yuko wapi?"

"Ametoka kidogo," karani akasema.

"Nina mama wa kupasuliwa. Mtafute, tafadhali."

"Nitamwambia akirudi, daktari. Hawezi kwenda mbali, koti lake hili hapa."

Nilirudi wodini nikaandika: saa nne na robo, bingwa amejulishwa. Naomba mnielewe. Sikuandika uongo kwa makusudi. Niliamini. Mwaka mzima ule sote tuliishi kwa kuamini lile koti, mpaka wagonjwa walikuwa wakiligeukia wakipita dirishani. Gari letu la kubebea wagonjwa, ambalo lingeweza kumpeleka mama hospitali kubwa mjini, niliambiwa limekwenda bohari kufuata dawa. Basi nikangoja.

Tulikuwa na pembe moja ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ya mti, imepasuka kwa urefu tukaizungushia plasta. Sista aliichukua, akainama, akasikiliza. Mapigo mazuri. Alipotoka nayo kubadilisha maji, yule fundi alikuwa amechuchumaa mlangoni. Akaitazama.

"Hiyo imepasuka, mama."

"Ndiyo iliyopo, baba."

"Mti wenyewe mwepesi. Umekula unyevu." Kisha akaniuliza mimi, kwa adabu ambayo mpaka leo inanichoma: "Tunangoja nini, daktari?"

"Tunamngoja bingwa. Anakuja sasa hivi."

"Haya. Tungoje."

Saa tano nilikwenda tena ofisini. Koti lipo. Saa tano na nusu nikaenda. Karani hakuinua hata macho, alinionyesha kiti kwa kalamu. Saa sita Sista alisikiliza akakunja uso, akanipa pembe. Mapigo yalikuwa yanasuasua, yanakwenda, yanasita, yanakwenda. Mama alikuwa ameshaacha kulia, ananiangalia tu, ameshika kona ya shuka.

"Daktari," Sista aliniambia pembeni, "mwanangu, koti halishiki kisu. Mie nimekaa kazi hii tangu ukoloni. Tuingie."

"Hajaja, Sista. Unajua alivyosema."

"Najua alivyosema. Tuingie."

Nilikuwa nimeshapasua mara moja, yeye bingwa akiwa upande wa pili wa meza, na mara nne nimeshika vyombo. Mikono yangu ilijua. Sitasema niliogopa kumuua mama, ingawa ningependa iwe hivyo, ingekuwa heshima kidogo. Nilichokiona mbele yangu ni safu nyeupe ya kitabu. Nilimwona baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi kule Upare, aliyeshawatangazia watu kanisani kwamba binti yake ni daktari. Niliona mwaka mwingine mzima. Nikasema tungoje robo saa, na ile ilipokwisha nikasema robo nyingine.

Tuliingia saa saba, mapigo yalipokuwa yamebaki kusikika kwa mbali. Mzee wa dawa ya usingizi alidondosha etha yake, Sista akasimama upande wa pili ambako bingwa angesimama, nikapasua. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Nilikasirika hata na mikono yangu, kwa kuwa kumbe ilikuwa tayari tangu asubuhi. Mtoto alikuwa wa kiume, mzito, mzuri, na hakulia. Sista alimpuliza, akamsugua, akamning'iniza, akampuliza tena. Mimi nilikuwa nashona, nasikiliza kilio nyuma ya mgongo wangu. Nilishona tabaka baada ya tabaka na hakikuja.

Mama alipona. Bingwa alifika saa tisa, anafuta jasho, anauliza "Kuna nini?" kama mtu aliyekuta watu wamekusanyika barabarani. Ncha za viatu vyake zilikuwa za kijivu. Nilijua ni nini siku ya pili, tulipokuwa tunampakia mgonjwa mwingine kwenye gari, lile lililosemwa limefuata dawa, na kukuta sakafu nzima ina unga wa simenti. Wakati ule simenti ilikuwa adimu, mtu akisikia imepatikana anaacha chochote alichoshika. Na yeye alikuwa amepata kiwanja kule Sinza, kwenye viwanja vipya. Sikuwahi kumwuliza. Dereva naye aliosha gari bila kunitazama.

Baada ya wiki moja uliitishwa mkutano wa wafanyakazi. Yafaa nieleze, kwa wasioukumbuka wakati ule, kwamba tulikuwa na ruhusa. Kwenye semina tulifundishwa kwamba kiongozi hapaswi kuwa na kiburi na mfanyakazi anaweza kumkosoa usoni. Kiwanda cha jirani walishamfungia meneja wao nje ya geti. Wafagizi wetu walikuwa wakimwambia mweka stoo maneno ambayo babu zao wasingethubutu kuyawaza. Kwa hiyo nisijifiche nyuma ya zama. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

Mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi alisoma faili langu kwa sauti. Alipofika "saa nne na robo, bingwa amejulishwa," akainua kichwa.

"Ndugu bingwa, ni kweli ulijulishwa?"

Kama angesema hapana, wangemwuliza alikuwa wapi. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, lile jingine.

"Nilijulishwa. Nikatoa maelekezo tuangalie kwanza, maana ni uzazi wa kwanza. Hali ilipobadilika, daktari akapasua chini ya usimamizi wangu. Amefanya vizuri sana. Mama yu hai. La mtoto ni amri ya Mungu."

"Ndugu daktari, ndivyo ilivyokuwa?"

Sista alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono mapajani. Hakugeuka. Alikuwa ananingoja. Nilisimama. Nilikuwa na hasira ya miezi tisa kifuani, nilikuwa na mambo ya kusema: simenti, karani, benchi, na ule uzito wa mtoto. Nikafungua kinywa.

"Ndivyo," nikasema, nikakaa.

Jumatatu iliyofuata aliniita ofisini, akatoa kitabu cha bluu kwenye droo na kutia sahihi zote kwa mkupuo mmoja, ukurasa kwa ukurasa, hata mistari mitupu ya miezi iliyobaki, kalamu moja, hajasoma hata neno. Kwenye mstari wa mama yule aliongeza kwa mkono wake: "chini ya usimamizi wangu." Akanipa mkono. Nilimshukuru. Nilisema "asante sana, daktari," kwa sauti ya mwanafunzi mwema, nikatoka na kitabu changu kwapani. Sista hakuniita tena mwanangu. Aliniita daktari, siku zote, kwa heshima timilifu.

Ilipotimia arobaini ya yule mama, mumewe alirudi peke yake, amevaa shati lililopigwa pasi. Nilimwamkia shikamoo. Alikuwa na kitu amekifunga kwenye kipande cha khanga. Akakifungua: pembe ya kusikilizia, ya mpingo mtupu, nyeusi, nyororo, mdomo wake mpana umechongwa ukakaa sawasawa na tumbo. Niliishika. Ilikuwa nzito na haikuwa na ufa popote.

"Nimeipima kwa mke wangu mwenyewe," alisema. "Inasikia vizuri. Nataka nimkabidhi mkubwa wako mkononi."

"Unaweza kuniachia mimi, mzee."

"Hapana, daktari, usinielewe vibaya. Kazi ya mwanafunzi ni ya fundi wake. Mie nilipokuwa najifunza, fundi wangu alikaa mbele yangu hivi, goti kwa goti. Patasi ikitaka kwenda vibaya anaidaka kabla haijashuka. Kinyago kikitoka kizuri, zawadi inakwenda kwake. Kikiharibika, lawama yake. Siku ile mie nilibaki mlangoni, lakini nimeambiwa bingwa alikuwa ndani, akakusimamia mpaka mwisho. Basi ni haki yake."

Nilimpeleka ofisini. Karani akanyoosha kalamu. "Yupo, mzee, ametoka kidogo. Koti lake si lile?"

Fundi akakaa kwenye benchi, khanga mapajani. Nikaenda wodini. Ilikuwa saa nne.

Saa tano nilipita, amekaa. Saa sita nilipita, amekaa, mgongo umenyooka, anatazama kiti. Karani alikuwa anakula karanga. Nilijaribu kufanya kazi, nikamchoma mtu sindano mahali pasipo, akapiga kelele. Kilichokuwa kinanitafuna si haya peke yake. Nilikuwa nimeudhika na yule mzee, kweli kabisa, kwa kungoja kwake kwa utulivu hivyo, kwa kutopiga meza, kwa kuliamini lile tambara kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia bingwa anakuja. Saa saba nilikwenda nikakaa karibu naye.

"Mzee, usingoje. Hayupo."

"Si atarudi?"

"Hata siku ile hakuwepo."

Akanigeukia taratibu. Karani aliacha kutafuna.

"Siku ile hakuwepo," nikarudia. "Nilipasua peke yangu na Sista."

"Na kule kungoja?"

"Nilikuwa namngoja yeye."

"Tangu saa nne."

"Tangu saa nne."

"Ungeweza kupasua saa nne?"

Kitabu changu kilikuwa chumbani kwangu, chini ya mto, kina sahihi zote. Hakuna mtu angeweza kuzifuta.

"Ningeweza," nikasema.

Hakunitukana. Ningepata nafuu kama angenitukana. Alilitazama koti kwa muda mrefu, lile doa la wino, ule mfuko uliochanika, kama anavyotazama fundi kazi ya mtu mwingine. Kisha akaifunga pembe ndani ya khanga, pindo kwa pindo, akakaza fundo.

"Haya, daktari," akasema. "Kwaheri."

Akaondoka nayo. Tuliendelea kutumia ile ya plasta mpaka mwaka wangu ulipokwisha.